Somo la Kwanza ni Kusimama

Mzazi aliyewahi kumsubiri mwanawe usiku, akisikiliza kila pikipiki ipitayo barabarani, hahitaji kuelezwa hofu ni kitu gani. Mjini Gisenyi, katika wilaya ya Rubavu, pikipiki ni chombo cha kila siku. Huwapeleka watu sokoni, hospitalini, na hadi mpakani, ambako upande wa pili ni mji wa Goma. Kwa hiyo kijana asemapo kwamba ataka kujifunza kuendesha pikipiki, jamaa zake hawashangai. Lakini asemapo kwamba ataka kujifunza ile ya mashindano, iendeshwayo katika uwanja wa udongo wenye matuta na kuruka hewani, hapo nyumba nzima hunyamaza.

Na ichukuliwe mfano wa nyumba ya askari polisi mmoja mjini humo, ambaye kazi yake ni usalama wa barabarani. Mwanawe, kijana wa miaka 19, amekwisha kupata leseni ya pikipiki ya daraja A. Mjomba wake aliyeko Kampala yu tayari kumkaribisha wakati wa likizo ili akajifunze mchezo huo. Jioni moja baada ya chakula anamweleza baba yake nia yake. Baba anaweka kikombe chini na kujibu kwa maneno machache: "Mwanangu, mimi nimewaokota wengi barabarani. Ajali haina kinga."

Kijana anainamisha kichwa kwa heshima. Ndipo mama, ambaye hata yeye haupendi mchezo huo, anapouliza: "Baba watoto, ikiwa ajali haina kinga, mbona kila asubuhi unawasimamisha abiria wasiofunga kofia?"

Swali hilo lastahili kujibiwa. Kampeni ya polisi wa Rwanda iitwayo Gerayo Amahoro, yaani fika salama, iliyoanzishwa mwaka 2019, imejengwa juu ya imani kwamba ajali nyingi zaweza kuzuiwa, na kwamba zile zisizozuilika zaweza kupunguzwa makali. Ndiyo maana dereva wa pikipiki ya abiria hutakiwa kuvaa kofia ngumu, na abiria wake vivyo hivyo. Basi baba hana budi kuupima mchezo wa mwanawe kwa kipimo hicho hicho. Kuuliza kama una hatari ni kupoteza wakati, maana unayo. Lifaalo kuulizwa ni hili: kinga yake ni ipi, na ni nani atakayeifundisha?

MCHEZO WENYEWE

Mchezo huu huitwa motokrosi. Asili yake ni Uingereza, ambako mwaka 1924 waendesha pikipiki walishindana huko Camberley juu ya ardhi mbovu isiyo na barabara. Jina lake limetokana na lugha ya Kifaransa, kwa kuunganisha neno la pikipiki na lile la mbio za nyika. Mashindano ya ubingwa wa dunia yalianza mwaka 1957.

Ubelgiji, iliyoitawala Rwanda hadi mwaka 1962, ni nchi ambayo ukubwa wake haulizidi sana eneo la Rwanda; hata hivyo imetoa mabingwa wengi wa mchezo huu. Joël Robert alitwaa ubingwa wa dunia mara 6, na Roger De Coster mara 5. Harry Everts aliupata mara 4. Kisha mwanawe Stefan akaupata mara 10, mara ya mwisho ikiwa mwaka 2006. Kwa hiyo yapo majumba ambamo mchezo huu haukuwa ugomvi baina ya baba na mwana, bali urithi.

Katika Afrika Mashariki, viwanja vinavyojulikana sana ni kile cha Jamhuri mjini Nairobi, na kile cha Garuga karibu na barabara ya Entebbe nchini Uganda.

Yafaa wazazi waelewe tofauti kati ya uwanja na barabara. Katika uwanja wote huenda upande mmoja. Hakuna lori linalokuja mbele, hakuna mbuzi wala mtoto anayevuka ghafla. Wapo watu wenye bendera: ya njano huonya kwamba mbele pana hatari, na hapo ni marufuku kuruka au kumpita mwenzio, ya buluu humtaka mwendeshaji ampishe aliye mwepesi zaidi, na nyekundu huwasimamisha wote. Pikipiki yenyewe haina taa, haina vioo wala namba, na kwa sababu hiyo haitakiwi kabisa kuonekana barabarani. Kijana anayejaribu kwenda nayo dukani amekwisha kuacha mchezo na kuingia katika kosa.

VAZI KABLA YA PIKIPIKI

Kosa la kwanza la vijana wengi ni kutafuta pikipiki kabla ya vazi. Fedha ya kwanza haina budi kwenda kwenye kofia ngumu inayokaa sawasawa kichwani, isiyocheza mtu atikisapo kichwa. Kofia iliyokwisha kupigwa kwa kishindo katika ajali haifai tena, hata ikiwa haionyeshi ufa, kwa sababu kilicho ndani yake kimekwisha kubonyea na hakitaweza kupokea pigo la pili. Kofia ya mtumba ambayo historia yake haijulikani ni afadhali iachwe huko huko sokoni.

Baada ya kofia ni buti ndefu zinazofika karibu na goti. Kifundo cha mguu huumia upesi katika mchezo huu, maana mguu huteremshwa chini kwenye kona, na pikipiki ikianguka huweza kuulalia. Kisha yaja miwani ya kuzuia vumbi na mawe, glavu, kinga za magoti na kinga ya kifua. Pikipiki yaweza kukodishwa au kuazimwa kwa siku za mwanzo. Vazi ni la mtu mwenyewe.

Hapa Gisenyi liko jambo jingine la kuangalia. Ardhi ya sehemu hizo ni ya mlima Nyiragongo, uliolipuka mwaka 2002 na tena mwaka 2021, na mawe yake meusi ni makali kama msasa. Kijana asidhani kwamba kila uwanja mtupu wafaa kwa mazoezi. Mahali pafaapo ni penye udongo laini, palipookotwa mawe, na ambapo watoto hawapiti.

MAANA MBILI ZA KUSIMAMA

Siku ya kwanza mwalimu mzuri hamruhusu mwanafunzi kukimbia. Humtembeza uwanja mzima kwa miguu, ili aone kila tuta lina nini nyuma yake. Kisha humfundisha kusimama, na neno hilo lina maana zake zote mbili.

Maana ya kwanza ni kusimama wima juu ya vikanyagio. Magoti hukunjwa kidogo na kuibana pikipiki, viwiko huinuliwa na kutanuliwa, na macho hutazama mbali, si kwenye gurudumu la mbele. Sababu yake ni rahisi. Mtu aliyekaa hupokea kila kishindo kwa uti wa mgongo. Aliyesimama hukipokea kwa miguu, na pikipiki hupata nafasi ya kuchezacheza chini yake bila kumrusha. Askari atalielewa jambo hili upesi. Kuruta hapewi bunduki siku ya kwanza. Hufundishwa kwanza kusimama, kugeuka na kutembea, na kwata hiyo aionayo kuwa adhabu ndiyo inayomtengeneza.

Maana ya pili ni kusimama baada ya kwenda. Breki ya mbele iko mkono wa kulia, na ya nyuma iko mguu wa kulia. Ile ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi, kwa kuwa pikipiki inapopunguza mwendo uzito wake hulalia gurudumu la mbele. Lakini juu ya udongo mlegevu, atakayeikamata kwa ghafla atalifunga gurudumu na kuanguka. Kwa hiyo huminywa polepole, kwa kidole kimoja au viwili, pikipiki ikiwa imenyooka, na kabla ya kuingia kwenye kona, si ndani yake. Mwalimu huchomeka kijiti ardhini na kumtaka mwanafunzi asimame hapo hapo. Akipita, anarudi. Akisimama kabla, anarudi. Zoezi hili halipendezi kutazama, wala hakuna anayelipigia makofi, lakini ndilo litakalomwokoa.

Pamoja na breki huja klachi, iliyo mkono wa kushoto. Mwanafunzi hufundishwa kuwa na kidole juu yake wakati wote. Pikipiki inaporuka mbele kwa ghafla, mtu aliyeshtuka hubaki nyuma na kuung'ang'ania usukani. Kwa kung'ang'ania huko mkono wake wa kulia huvuta mafuta zaidi, na pikipiki huzidi kumkimbia. Ajali nyingi za wanaoanza huwa za namna hii. Tiba yake ni kidole kile kimoja: kuminya klachi, na injini yapiga kelele bila kuvuta.

Akiyaweza hayo ndipo afundishwapo kona. Hukaa mbele karibu na tangi, hunyoosha mguu wa upande wa ndani kuelekea mbele, huweka uzito juu ya kikanyagio cha upande wa nje, na hutazama mahali kona inapoishia.

MATUTA NA WENGINE UWANJANI

Kuruka hewani ndiko kunakowavuta vijana na kuwatisha mama zao. Yako matuta ya namna mbili ambayo mwanafunzi sharti ayatambue. Moja lina mgongo bapa. Mtu akishindwa kulivuka lote huangukia juu ya mgongo huo, na mara nyingi hapati madhara makubwa. Jingine ni matuta mawili yenye shimo katikati, na anayepungukiwa hugonga lile la pili. Anayeanza huyapanda matuta yote polepole, magurudumu yakigusa ardhi, na kulikimbia lile la pili hata wenzake wakimcheka. Aanzapo kuruka kidogo, hushikilia mwendo ule ule hadi pikipiki iiache ardhi, maana akiyakata mafuta kwenye kilele, pua ya pikipiki huinama na kumtupa mbele.

Aidha hana budi kushika njia yake. Walio wepesi watampita. Hiyo ni kazi yao, na wao ndio wenye kutafuta nafasi. Anayeyumba kushoto na kulia kwa kutaka kuwapisha ndiye hugongwa. Asisimame kamwe nyuma ya tuta, kwa kuwa ajaye hewani hamwoni. Akianguka na akiwa mzima, aondoke njiani kwanza; pikipiki ifuate baadaye.

AKIUMIA

Jamaa wa mwenye kucheza mchezo huu yafaa wayajue mambo machache. Aliyeanguka akalala bila fahamu, au anayelalamika maumivu ya shingo, asiinuliwe wala kugeuzwa ovyo, na kofia yake isivuliwe na asiye na ujuzi, isipokuwa inamzuia kupumua. Gari la wagonjwa liitwe; nchini Rwanda namba yake ni 912. Aliyegonga kichwa, hata akisema hajambo, asirudi juu ya pikipiki siku hiyo. Akitapika, akisinzia kupita kawaida, au akiuliza swali lile lile mara kwa mara, apelekwe hospitalini bila kungoja asubuhi.

Katika nyumba ile ya Gisenyi, baba hakujibu swali la mama usiku ule. Alijibu siku ya tatu, baada ya kurudi kazini, akiwa bado amevaa sare. Alimpa mwanawe masharti matatu: vazi lote liwepo kabla ya injini kuwashwa, asijifunze kwa marafiki, bali kwa mwalimu, na siku atakayogonga kichwa, neno la daktari ndilo litakalomrudisha uwanjani, si neno lake. Kijana aliyakubali. Mama hakusema kitu, ila ndiye aliyekwenda kutafuta buti.

Wiki mbili baada ya likizo kuanza, baba alimpigia simu shemeji yake Kampala. Hakuuliza kama kijana amekuwa mwepesi, wala kama ameruka juu kiasi gani.

"Shemeji," alisema, "amejifunza kusimama?"

"Kusimama kupi?" shemeji akauliza.

"Kote kuwili."

"Kwa miguu amekwisha kuweza," akajibu shemeji. "Kwa breki, bado anakipita kijiti."

"Basi asiruke," baba akasema. "Mwambie arudie."

Alipoweka simu chini, mama alimtazama na kumwongezea chai. Safari hii aliinywa yote.