Rangi za Galaksi na Kiswahili Chetu

Husemwa kwamba Kiswahili hakiwezi kufundisha sayansi, kwani hata vivumishi vya rangi ni vitatu tu: -eupe, -eusi na -ekundu. Hoja hiyo ni dhaifu. Kwa wanaastronomia, rangi ya galaksi si jina bali ni hesabu: tofauti ya mwangaza wake unapopimwa kupitia vichujio viwili.

Haidrojeni humeza mwanga wenye urefu wa wimbi chini ya nanomita 91,2. Mawimbi ya galaksi za mbali hutufikia yamerefushwa na kupanuka kwa ulimwengu. Yakirefushwa mara nne, kikomo hicho huangukia karibu na nanomita 365. Hapo galaksi huonekana katika kichujio cha kijani na katika chekundu, lakini hutoweka katika kile cha urujuanimno. Kutoweka huko ndiko kunakoitambulisha. Mwaka 1996 Charles Steidel na wenzake waliithibitisha njia hiyo kwa spektra.

Ni neno gani lililokosekana hapa? “Haidrojeni” tumeliazima, naam. Kifaransa nacho kililiunda kwa mizizi ya Kigiriki. Wenzangu, tuache kuhesabu vivumishi, tuandike masomo.