Acheni Kuabudu CC

Leo nitaudhi watu, na sina noma. Kama unataka kununua gari ya spoti ya zamani, na mbele yako kuna mbili za aina moja, moja ina injini kubwa na nyingine ndogo, chukua ndogo. Mimi nilichukua kubwa. Nusura nimuue mdogo wangu.

Kila nikiweka video ya gari ya zamani, swali la kwanza ni lile lile: "Cc ngapi?" Hakuna anayeuliza breki zikoje. Hakuna anayeuliza kama sakafu imeliwa na kutu. Ni cc tu, kama watu wanaopima maziwa kwa mama mboga. Na nikijibu 1300, mnacheka. "Hiyo ni ya kupeleka mathe sokoni." "Buda, ongeza lita." Sasa kaeni chini niwaambie vile lita zilinifanyia.

Niliacha chuo mwaka wa pili. Hiyo story mnaijua, siirudii. Pesa za kwanza za maana nilizopata kwa hizi video nilizihifadhi karibu miaka miwili, sinunui viatu, nakula chapo madondo, juu nilikuwa nataka Ford Escort Mk1. Si Subaru, si Golf. Escort. Ile yenye grili kama mfupa wa mbwa.

Wiki moja zikatokea mbili. Ya kwanza ilikuwa Nakuru, kwa mwalimu mstaafu. Nyeupe, rangi imechoka, injini ya 1300 iliyotoka nayo kiwandani. Mwalimu alinionyesha risiti za service tangu zamani, amezipanga kwenye faili kama ripoti za shule. Ya pili ilikuwa Nairobi. Rangi ya machungwa, mistari miwili myeusi, na ndani ya boneti injini ya Pinto ya lita 2 iliyopandikizwa. Iliponguruma mara ya kwanza nilisikia kifuani. Bei ilizidi ya Mwalimu kwa elfu themanini.

Nilimpigia Mwalimu nikamwambia, "Asante Mwalimu, lakini yako haina nguvu." Nilisema hivyo kweli. Nikiwaza leo naona aibu.

Mwezi wa pili nikampeleka mdogo wangu Naivasha. Alikuwa na miaka 15, kidato cha pili, shule zimefungwa. Tukashuka ile barabara ya Mai Mahiu. Wanaoijua wanaijua: mteremko mrefu, kona, malori, bonde lote liko upande wako wa kushoto. Kona ya tatu hivi pedali ya breki ikaanza kuwa laini. Ya nne, ikaenda hadi chini na gari haikushtuka hata kidogo. Nilishusha gia mpaka injini ikapiga kelele, nikavuta handbreki, mbele kuna lori limejaa mawe. Nilichoweza kufanya ni kuisugua gari kwenye kizuizi cha ukingo, upande ule wa bonde, hadi ikasimama. Mlango wa abiria haukufunguka. Mdogo wangu alitokea upande wangu, akakaa kwenye nyasi, na hakuniongelesha siku tatu.

Fundi alipoifungua alicheka ile kicheko ya huzuni. Ile body ilikuwa imetoka kiwandani kama 1100. Escort za 1100 za mwanzo zilikuja na breki za drum mbele na nyuma, kwa sababu injini yenyewe ilikuwa mpole na drum zilitosha. Mtu alitoa injini ya cc 1098, akaweka ya cc 1993, halafu akafunga boneti. Breki akaziacha. Logbuku bado ilisema 1098. Hata sikuthubutu kupigia watu wa bima. Ningewaambia nini? Wangelinganisha logbuku na injini na kuniuliza ni gari gani nilikuwa naendesha.

Ndiyo nasema: mkisema cc, mnazungumzia sehemu moja ya gari. Kiwanda kikiweka injini kubwa, kinabadilisha vingine pia: breki, springi, diff, rejeta, wakati mwingine hata gia. RS2000 ya ukweli haikuwa 1100 iliyoongezwa lita. Lakini hapa mtaani injini ndiyo inapigwa picha, so pesa inaishia hapo. Pinto yenyewe ni nzito kuliko ile Kent ndogo, na huo uzito wote unakaa mbele, juu ya magurudumu yale yale yenye breki ndogo. Umenunua kelele, ukalipia na mteremko.

Sasa wale wa "cc haina mbadala," twende kwa historia, na tusitoke nyumbani. Twende Safari Rally.

1971, Edgar Herrmann alishinda na Datsun 240Z. Lita 2.4. Sawa, mnashangilia. 1973, Shekhar Mehta akashinda tena na 240Z. Lakini mnajua nani alikuwa wa pili? Harry Källström, na Datsun 1800 SSS, gari ya watu wanne yenye injini ya 1.8. Na hakuachwa nyuma. Walimaliza na pointi sawa kabisa! Ilibidi sheria ya kutenganisha sare itumike kumpa Mehta ushindi. Zaidi ya nusu lita ya tofauti, na baada ya barabara zote zile, matope yote yale, tofauti ilikuwa sifuri.

1974, Joginder Singh alishinda na Mitsubishi Lancer 1600 GSR. Lita 1.6. Wa pili alikuwa Björn Waldegård na Porsche 911 ya Carrera. Rudia polepole: Lancer ya 1600 mbele, Porsche nyuma. 1976 Joginder akarudia na Lancer ya 1600.

1979, Mercedes walikuja na 450 SLC, V8 ya lita 5. Hannu Mikkola kwenye usukani, si mtu wa kubahatisha. Nani alishinda? Mehta, na Datsun 160J, gari ambayo ungeiona imebeba familia kwenda harusi, injini ya lita 2 hivi. 1980 Mercedes wakarudi, Mehta akawashinda tena na 160J. Ukitaka Escort, Mikkola alishinda na Escort 1972 na Waldegård 1977, na hakuna kati ya hizo iliyozidi lita 2.

Najua mtaniletea Ian Duncan. 2009 alishinda Safari Classic na Ford Mustang ya V8. Na 1978 Peugeot 504 ya V6 ilishinda Safari. Sikatai. Lakini ile Mustang ilijengwa upya kuanzia chini, breki na springi za kazi hiyo, na nyuma yake kuna mafundi na spea. Wewe nyuma yako kuna nani? Kuna mimi na fundi mmoja wa Grogan anayekuambia "rudi kesho."

Halafu kuna ugonjwa mwingine: kudhani namba kubwa kwenye mkia wa gari ni gari bora. Chukua hizo hizo Datsun Z. Ilianza 240Z, lita 2.4. Ikaja 260Z, lita 2.6. Kisha Marekani wakapata 280Z, lita 2.8. Kijana wa cc anaona ngazi: 240, 260, 280, chukua ya juu. Lakini 280 haikuongezwa lita ili ikimbie sana. Marekani ilikuwa imeweka sheria za moshi na za bampa, gari ikawa nzito na injini ikabanwa, so lita zikaongezwa kulipia hasara. 240Z ya mwanzo ilikuwa na kilo 1,050 hivi. 280Z ilizidi hiyo kwa kilo zaidi ya 200. Ni kama kubeba wasee watatu wanene kila mahali unapoenda, na hawachangii mafuta.

Nitakuwa mkweli: 280Z ina kitu kizuri. Ina mfumo wa kunyunyizia petroli wa Bosch badala ya kabureta, na asubuhi ya baridi inawaka vizuri. Ukiniambia unaitaka kwa sababu hiyo, nakuheshimu, umefikiria. Ukiniambia unaitaka juu "280 ni kubwa kuliko 240," wewe hununui gari, unanunua namba.

Kuna hoja moja yenu iko na akili, siwezi kuiruka. Mnasema Nairobi iko juu, hewa ni nyepesi, injini ndogo inakosa pumzi. Ni kweli hewa ni nyepesi. Tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na hewa yetu imepungua kama asilimia 15 ukilinganisha na Mombasa. Injini isiyo na turbo inapoteza nguvu karibu kwa kiasi hicho. Lakini inapoteza kubwa na ndogo kwa asilimia ile ile! Mlima haukupunguzii kwa sababu una lita 2. Na nyingi za hizi gari "zisizo na nguvu" zina kabureta iliyotengwa kwa hewa nzito ya chini. Huku juu inamwaga petroli nyingi kuliko hewa, plagi zinakuwa nyeusi, gari inakohoa, mwenyewe anasema "injini ni ndogo." Badilisha jeti za kabureta, tengeneza taimingi, safisha plagi. Gharama yake ni ndogo sana ukilinganisha na injini nyingine. Lakini haina sauti ya kuweka kwa video, so hakuna anayefanya.

Ile elfu themanini niliyoongezea lita ingelipa nini? Breki za diski za mbele na mabomba mapya. Tairi nne nzuri. Bushi zote. Na fundi wa kuchomelea kutu, kwa sababu Escort inaoza kwenye sakafu, pembeni chini ya milango, na kule juu shokabsoba zinaposhikilia body. Hapo pakioza, injini ya cc elfu kumi haikusaidii, ni kwenda tu kwa haraka kule unakoenda kuumia.

Na kuna jambo linaloniuma zaidi. Hizi gari haziongezeki. Sheria yetu kwa kawaida hairuhusu kuingiza gari lililotumika la zaidi ya miaka 8, so usidhani kuna Escort zinakuja kwenye meli. Zilizopo ndizo hizo, kwa mabanda ya wazee, chini ya miti, nyuma ya karakana. Kila moja tunayoipasua ili tuweke injini ya Toyota na kurekodi ikipiga kelele Southern Bypass usiku, ni moja imepungua. Tumeachiwa urithi na tunaupima kwa kelele.

Ya machungwa niliiuza kwa hasara. Mnunuzi nilimwambia kila kitu, breki, logbuku, kizuizi cha Mai Mahiu. Alinunua akijua, na kitu cha kwanza alichofanya ni kuweka diski.

Baada ya miezi minane nikampigia Mwalimu, nikidhani ameshauza. Hakuwa ameuza. Nilipofika alinitazama muda mrefu, akaniuliza, "Kijana, si ulisema yangu haina nguvu?"

Nikamwambia, "Nisamehe, Mwalimu. Nilikuwa sijui maana ya nguvu."

Akacheka, akanipa funguo, akaniambia niizungushe hadi barabarani na nirudi. Nilipogusa breki karibu nipige kichwa kwa kioo. Hakupunguza hata shilingi, na sikuomba.

Ni ya 1300. Haimpiti mtu yeyote Thika Road, matatu zinanipigia honi. Lakini naikanyaga yote. Nazitumia gia zote nne, kona naingia nayo najua itatokea vipi, na mwisho wa wiki bado nina pesa ya mafuta. Ile ya lita 2 niliiendesha nusu, nikiiogopa.

Mdogo wangu alikataa kuingia kwa muda mrefu. Mwezi uliopita alikubali. Kabla ya kufunga mkanda aliinama, akaikanyaga pedali ya breki kwa mkono, mara tatu, akasikiliza. Ndiyo akakaa.

Sasa tukaneni. Lakini kabla hujaniandikia kuhusu cc, toa gurudumu la mbele la gari unayotaka kununua, uangalie kilicho ndani. Kisha uniambie ni drum au ni diski. Kama hujui, hauna haki ya kuniuliza lita.