Radi za Maniema zinasema ndani ya redio, lakini nani anazisikiliza?

Jioni ya msimu wa mvua, kule Wamaza, redio ndogo ya pile inawekwa dirishani ili watu wasikie habari. Kabla ya mtangazaji kumaliza sentensi ya kwanza, redio inaanza kukwaruza: krr, krr, tak, krrr. Mwenye redio anaipiga kofi ubavuni, anageuza antena, analaumu pile, mwisho anaizima. Nusu saa baadaye upepo unapita juu ya manjanja, watoto wanakimbia kutoka uwanjani, na radi ya kwanza inapiga. Redio ilikuwa imekwisha kuitangaza, ila hakuna aliyejua kusoma kile ilichokuwa inasema.

Sehemu hii ya Congo si mahali pa kudharau mkwaruzo huo. Mwaka 2016 watafiti waliotumia picha za setilaiti za miaka 16, kuanzia 1998 hadi 2013, walitoa orodha ya mahali panapopigwa na radi kuliko kwingine duniani. Ya kwanza ilikuwa Ziwa Maracaibo, Venezuela. Ya pili, Kabare, Kivu ya Kusini. Ya tatu ilikuwa Kampene, teritware ya Pangi, kaskazini mwa Kasongo: karibu radi 177 kwa kila kilomita moja ya mraba, kila mwaka. Sake, karibu na Goma, ilikuwa ya tano. Ulaya na Marekani watu wengine wanajenga vyombo vya kusikiliza radi za mbali kama mchezo wa kupenda, na baadhi ya wanachosikia huweza kutoka Congo. Wenye radi zenyewe wanazima redio.

Kila radi ni mtambo wa kutuma. Umeme unapopita angani kwa ghafla, unatupa mawimbi ya redio pande zote, na nguvu yake kubwa iko kwenye masafa ya chini sana, yaani mitetemo elfu chache kwa sekunde moja. Masafa hayo hayapiti kwa urahisi kwenda juu. Yanabanwa kati ya udongo na tabaka la hewa yenye umeme lililo kilomita 70 hadi 90 juu, kama sauti inavyobanwa ndani ya bomba, na yanasafiri maelfu ya kilomita. Kwa sababu mitetemo hiyo ni sawa kwa hesabu na ile ambayo sikio la mtu linaweza kusikia, waya mrefu na kikuza sauti vinatosha. Hakuna haja ya kitu cha kutafsiri. Mchana mtu anasikia mipasuko mikavu, kama mafuta yanayochemka na kurushiwa maji. Usiku mipasuko mingine inageuka kuwa mlio mfupi unaoteremka, twiu, twiu, kama ndege wadogo wa porini. Ni radi ileile, ila imesafiri mbali ikigonga chini na juu ya lile bomba hadi sauti zake nzito zikachelewa kufika. Kuna mlio wa tatu, mluzi mrefu unaoshuka taratibu, ambao wasikilizaji wa nchi za kaskazini wanausifu sana. Huo unapanda hadi nje ya hewa na kufuata sumaku ya dunia, kwa hiyo karibu na ikweta ni haba. Mtu wa Kabambare asihuzunike. Twiu twiu anazo za kutosha.

Kazi ya msikilizaji ni kutenganisha, na hapo ndipo kuna utamu wa mchezo huu. Radi haina saa. Inapiga ovyo, mara moja, mara tatu, kisha kimya. Kitu chochote kinachojirudia kwa kipimo kilekile kimetengenezwa na mtu. Muungano wa Kisovieti, kwa mfano, ulijenga mitambo mitatu mikubwa ya kuongoza meli na nyambizi, na milio yake mifupi ilizunguka kila sekunde 3.6 bila kukosea. Australia ina mtambo wa jeshi la majini kwenye kilohezi 19.8, Ujerumani 23.4. Juu zaidi kuna minara ya viwanja vya ndege inayorudia herufi mbili tatu za Morse usiku na mchana ili rubani ajue yuko wapi. Mtu mwenye daftari, saa na subira anaweza kuvitambua vyote kimoja kimoja.

Halafu kuna ishara za ajabu ambazo si za ajabu hata kidogo. Mngurumo unaoanza saa kumi na mbili asubuhi na kufa jioni mara nyingi ni kifaa cha sola cha jirani. Mlio unaopanda na kushuka barabarani ni plagi ya pikipiki. Zizizi isiyokoma ni chaja ya simu ya bei rahisi. Wasikilizaji wengi wametumia wiki nzima kutafuta jasusi, wakamkuta ukutani, amechomekwa.

Jambo hili si geni kwa Maniema. Kati ya 1911 na 1913 serikali ya kikoloni ya Ubelgiji ilijenga mlolongo wa vituo vya telegrafu isiyo na waya kutoka pwani ya Banana hadi Katanga, na Kindu na Kongolo zilikuwa ndani ya mlolongo huo. Huko Laeken, karibu na Brussels, Robert Goldschmidt alijenga mtambo mkubwa wa kusema na Congo moja kwa moja. Ulibomolewa Agosti 1914 Wajerumani walipokuwa wanakaribia. Mitambo ya wakati ule ilitumia mawimbi marefu, masafa ya chini, ambako radi ndiye mfalme. Mtu aliyekaa na vyombo masikioni alilazimika kuchambua nukta na vistari vya mwenzake katikati ya mipasuko ya dhoruba. Hakuwa na jina la msikilizaji wa radi, lakini alikuwa yeye.

Baadaye ilikuja fonie. Hospitali, misheni, wanunuzi wa dhahabu na kahawa, wapokezi wa ndege ndogo, wote walisema kwa fonie, na kila fonie ilikuwa na mtu wake. Mtu huyo alijua kwamba asubuhi sauti ni safi na saa nane mchana mvua inaanza kuingia. Alijua, kwa kusikia tu, kama dhoruba iko mbali au inakuja, na alijua lini pa kuchomoa waya wa antena na kuutupa nje ya dirisha. Vita vilipokuja, kuwa na fonie kukawa hatari: kila upande ulimdhania mwenye nayo kuwa mjumbe wa upande mwingine. Kisha zikaja simu za mkononi, na fonie nyingi zikafunikwa kitambaa. Wazee waliozitumia wengine bado wapo Kasongo, Wamaza, Kabambare. Hakuna anayewauliza kitu. Huo ni uzembe, na hauwezi kusingiziwa vita wala serikali.

Lakini sababu kubwa ya kuwauliza ni watu wanaokufa. Radi inaua shambani, mtoni, uwanjani, shuleni, na baada ya maziko mara nyingi inafuata kesi. Nani ameituma? Mwaka 1998 gazeti la L'Avenir la Kinshasa liliandika kwamba radi iliua wachezaji 11 wa timu moja kule Kasai katikati ya mechi, na wa timu ya pili hawakuguswa. Maneno ya uchawi yakafuata palepale. Kwa namna hiyo vijijini mjane mmoja au mzee mmoja hupoteza nyumba, na wakati mwingine maisha, kwa kosa la wingu.

Hesabu ya Kampene inafaa kusomwa kwa sauti mbele ya baraza kabla kesi kama hiyo haijaanza. Radi 177 kwa kilomita ya mraba ni zaidi ya 17,000 kwa mwaka katika eneo la kilomita kumi kwa kumi. Ni kweli kwamba nyingi zinabaki ndani ya mawingu na hazigusi chini. Hata hivyo, mchawi wa kutuma zote hizo angekosa muda wa kulala na kulima. Mtu aliyekaa jioni moja tu na redio akizihesabu, akasikia mia mbili zikipita kabla ya ile moja kuanguka kwenye mwembe wa jirani, hawezi tena kuamini kwa urahisi kwamba hiyo moja ilikuwa na anwani.

Tena masikio hayo yanaokoa. Redio ya kawaida ya mawimbi ya kati, ikiwekwa upande wa mwanzo wa kipimo mahali pasipo na kituo, inakwaruza kila radi inapopiga, hata mbingu ikiwa bado ya buluu. Mipasuko ikizidi kuwa mingi na mikali kila baada ya dakika chache, dhoruba inakaribia. Ndani ya redio hizo kuna kijiti cheusi kilichozungushiwa waya, kwa kawaida kimelala upande wa urefu wa redio. Ukiigeuza redio polepole hadi mkwaruzo upungue, kijiti kinakuwa kimeelekea kwenye dhoruba, mbele au nyuma. Si kipimo cha maabara, kwa kuwa redio inasikia pia dhoruba za mbali ambazo hazitafika. Ndiyo maana ngurumo inabaki kuwa shahidi wa pili: sekunde tatu kati ya mwanga na sauti ni kilomita moja. Zikipungua chini ya 30, mpira usimame, watoto watoke chini ya mti na kuingia katika nyumba iliyo imara zaidi au gari lililofungwa, na wasitoke hadi nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho. Kibanda cha majani si kinga. Waya wa antena uliotoka nje si kinga pia: ni mlango wa radi, na unachomolewa mapema.

Wapo watakaosema kwamba watu wa Wamaza wanahitaji barabara na usalama, si mkwaruzo wa redio. Wanahitaji barabara na usalama, bila shaka. Lakini mkwaruzo hausubiri bajeti. METTELSAT, ofisi ya taifa ya hali ya hewa, ina vituo vichache kwa nchi ya kilomita za mraba 2,345,000. Tangu Desemba 2022 kuna setilaiti ya Ulaya yenye jicho maalumu linalotazama radi za Afrika kutoka juu, na picha zake ni nzuri sana kwa mtu mwenye intaneti. Mwalimu wa kijijini ambaye anapanda mlima kutafuta mtandao hatapata onyo hilo kabla ya mvua. Redio ya pile anayo mezani.

Kikwazo cha kweli ni woga, na woga huo una historia yake. Waya mrefu juu ya paa katika eneo lenye watu wenye silaha unaleta maswali. Hapa viongozi wana kazi isiyogharimu kitu: kusema wazi kwamba kifaa cha kusikiliza radi hakitumi neno lolote kwa mtu yeyote, na kwamba kutuma ndiko kunakohitaji kibali cha ARPTC na jina la kuitwa linaloanza na 9Q. Anayetaka kutundika waya amwone kwanza chefu wa kijiji, amwalike asikilize. Shule yenye mwalimu wa fizikia ni mahali pa usalama zaidi kuliko nyumba ya mtu mmoja, maana huko kila kitu kinafanyika mbele ya macho ya wote.

Mvua kusini mwa Maniema hurudi kuanzia Septemba. Daftari lenye mistari minne linatosha kuanzia: saa, wingi wa mipasuko, upande uliotokea, na kama mvua ilifika au haikufika. Mwanafunzi mmoja aandike, mzee mmoja wa fonie akae naye wiki mbili za mwanzo, na redio ya mtaa isome maonyo saa nane mchana, kabla watoto hawajaenda mpirani.