Behewa la TRC halikuwapo Kigoma mwaka 1972

Baba yangu hajui Kiingereza, lakini zipo herufi tatu za Kiingereza ambazo hajawahi kuzikosea: E, A na R. Alikuwa akituchorea chini kwa kijiti, pale Katumba, alipotusimulia jinsi alivyovuka Ziwa mwaka 1972 akiwa kijana, akakaa Kigoma, kisha akapandishwa treni hadi Kaliua na kutoka Kaliua hadi Mpanda. Herufi hizo zilikuwa ubavuni mwa behewa alilosimama karibu nalo siku nzima akingoja kuitwa jina. Lilikuwa behewa la mafuta, na anakumbuka harufu ya mafuta ya taa hadi leo.

Nalitaja jambo hili kwa sababu ya maonyesho ya wanafunzi niliyoyahudhuria hivi karibuni katika shule moja, ambayo sitaitaja. Kundi moja lilitengeneza stesheni ya Kigoma kwa mbao na makopo, na bango likasema: "Kigoma, 1972". Kazi ilikuwa nzuri kwa macho. Palikuwa na kichwa cha treni ya moshi, jengo la stesheni lenye matao, na mabehewa matatu ya mafuta. Mawili yalikuwa makopo ya nyanya yaliyopakwa rangi nyeusi na kuandikwa TRC kwa rangi nyeupe. La tatu lilinunuliwa dukani, limeletwa na ndugu wa mmoja wa wanafunzi anayeishi Uingereza: tangi la fedha, boriti nyekundu chini yake. Wakapewa zawadi ya kwanza.

Mzee wangu niliyekwenda naye aliinama, akatazama kwa muda mrefu, akasema, "Hii siyo treni yangu." Kijana mmoja akamjibu kwa heshima zote: "Babu, labda umesahau. Ni TRC. Hata kwenye simu ipo." Mzee hakujibu. Njiani kurudi nyumbani aliniuliza mara mbili kama kweli inawezekana amesahau.

Hajasahau. Shirika la Reli Tanzania, ndilo TRC, lilizaliwa baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977. Kabla ya hapo reli ya Kenya, Uganda na Tanzania ilikuwa moja. Kuanzia 1948 iliitwa Reli na Bandari za Afrika Mashariki, kwa kifupi EAR&H. Mwaka 1969 bandari zikatengwa zikapewa shirika lake, reli ikabaki EAR. Kwa hiyo mwaka 1972 behewa la Kigoma lilikuwa EAR. TRC haikuwamo hata katika ndoto.

Nilipomweleza mmoja wa waamuzi, alicheka akasema behewa ni behewa. Hapo ndipo ninapopingana naye.

Wanaotengeneza reli ndogo za mfano huko Ulaya wana kanuni juu ya jambo hili. Wameigawa historia ya reli katika vipindi na kuvipa namba za Kirumi, na mtu akinunua behewa dogo anatazama kwanza ni la kipindi gani. Katika mabehewa yote, la mafuta ndilo linalowakosesha wengi, kwa sababu tangi ni tangi: pipa limelala juu ya magurudumu. Umbo linabadilika polepole. Kinachobadilika upesi ni maandishi, rangi, jina la mwenye mali, namba, na namna bati lilivyoungwa, kwa ribiti au kwa kuchomelea. Lile tangi la fedha lenye boriti nyekundu lina maana yake Uingereza: katika miaka ya 1950 na 1960 rangi hizo zilimwambia mfanyakazi wa reli kwamba ndani mna petroli au kitu kingine kinachowaka haraka, wakati tangi jeusi lilikuwa la mafuta mazito. Kuliweka Kigoma ni sawa na kumvika askari wa Kigoma kofia ya polisi wa London.

Kanuni yenyewe ni nyepesi, na wafanyabiashara wa mpakani wataielewa kuliko mtu yeyote. Herufi haiwezi kutangulia kuzaliwa kwa mwenyewe, ila inaweza kubaki baada ya yeye kufa. Mnakumbuka Juni 2023, Benki Kuu yetu ilipoondoa noti za zamani za 5,000 na 10,000. Baada ya siku ya mwisho, ungeweza bado kukuta noti ya zamani chini ya godoro la bibi. Lakini mtu akikuambia aliishika noti mpya mwaka 1990, huhitaji polisi kujua kwamba anakudanganya. Behewa ni hivyo hivyo. Mimi mwenyewe, nikiwa mtoto Mpanda katika miaka ya 1980, niliona mabehewa ya TRC ambayo chini ya rangi yake ungeweza kusoma EAR, hasa jua la jioni likipiga ubavuni. Kwa hiyo EAR katika picha ya 1980 inawezekana. TRC katika picha ya 1972 haiwezekani.

Tena kuna mtego. Mwaka 2007 shirika lile liligeuka TRL, akaingia mbia kutoka India, akaondoka. Mwaka 2017 jina la TRC likarudi. Herufi tatu zile zile, vipindi viwili. Ndiyo maana kijana yule aliikuta kwenye simu: aliona picha ya juzi.

Na njia pia ina tarehe yake. Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914, lakini haikuunganishwa na reli ya Tanga na Mombasa hadi 1963, ilipojengwa njia ya Mnyusi hadi Ruvu. Anayetaka kuonyesha Tabora ya 1960 asiweke behewa lililotoka Mombasa kwa reli, lingepita wapi? Kile kichwa cha treni nacho kilinakiliwa kutoka kwenye picha ya Garratt kubwa za daraja la 59, zile zilizopewa majina ya milima. Hizo zilivuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi, na uzito wake haukuwa wa reli ya Kigoma.

Nakiri, mtu akijenga reli sebuleni kwake kwa kujifurahisha, aweke anachotaka. Hata simba aweke dereva. Lakini ukishaandika bango la mahali na mwaka umetoa ushahidi, na ushahidi una watu wake.

Watoto wetu Burundi hawajaona reli. Januari 2025 ulitiwa saini mkataba wa kujenga reli kutoka Uvinza hadi Musongati, nayo itakuwa pana, milimita 1,435, si ile ya mita moja aliyopanda baba. Siku behewa la kwanza la mafuta litakapoingia, watoto watalitambua wenyewe. Lile la 1972 hawatalitambua, isipokuwa kwa kopo la nyanya tulilowawekea mezani. Kopo likikosea, anayeonekana mwongo ni mzee aliyekuwapo. Nasi abahungutse tumezoea kuambiwa tumesahau: mpaka wa shamba, jina la mlima, hata lugha ya nyumbani. Sikutegemea jambo hilo lingetufuata hadi kwenye kopo.

Wanafunzi wenyewe hawana kosa. Niliwarudia wiki iliyofuata na kopo dogo la rangi, tukafuta TRC tukaandika EAR, kazi ya nusu saa. La Uingereza tukaliweka pembeni na karatasi inayosema lilikotoka. Kichwa cha treni bado kinatusumbua.

Ninyi mnaovuka Mugina na Manyovu kila wiki, mkifika Kigoma ulizeni kwa wazee waliofanya kazi stesheni kama wana picha za kabla ya 1977. Tunataka kuona vichwa vya treni, na ubavu wa behewa lolote la mafuta. Picha itanakiliwa na kurudishwa kwa mwenyewe, na mzee wangu ameomba awe wa kwanza kuitazama.