Mwizi Hayuko Angani: Usinunue Darubini ya Kuchezwa

Wasee, leo nitakanyaga watu vidole.

Kuna darubini inauzwa mtandaoni, boksi limeandikwa kwa herufi kubwa: inakuza mara 525. Kipenyo chake milimita 76. Anayekuuzia hiyo kwa sababu ya hiyo 525 anakucheza. Kwa kawaida darubini hukuza vizuri mara 2 hivi kwa kila milimita ya kipenyo. Piga hesabu: 152. Ukizidisha hapo unakuza ukungu tu.

Na kupiga picha ya vitu vya mbali angani, hata hiyo 152 huihitaji. Nebula ya Carina ina upana wa nyuzi 2 hivi, kama miezi mipevu 4 ikipangwa laini moja. Galaksi ya Andromeda inapita nyuzi 3. Hivi vitu si vidogo, ni hafifu. Unachokosa ni mwanga.

Kwa hivyo namba ya kuuliza ni f: urefu wa fokasi ukigawanywa kwa kipenyo. Ikiwa ndogo, picha inajaa mwanga haraka. Dakika 1 ya f/2 inaipa sensa mwanga sawa na dakika 6 na sekunde 15 za f/5. Ukiwa na usiku mmoja tu wa giza kabla urudi kazi, hiyo tofauti ni kubwa.

Sasa kuna kundi la pili, mabwana wa vifaa. Ukitaja f/2 wanakwambia nunua Celestron RASA ya inchi 8 ama uachane na hii kitu. RASA ni noma, sikatai: milimita 203, fokasi 400, na itakuonyesha vitu vidogo zaidi. Lakini ina karibu kilo 8, na bado hujabeba stendi nzito ya kuishikilia, wala betri. Nani atapandisha hiyo gari ya Namanga? Konda atakulipisha viti viwili.

Mimi nasema anza na lenzi ya kamera. Samyang ya milimita 135, f/2, haifiki kilo moja, inaingia begi ya mgongoni, na kwa kamera ya sensa ya APS-C inakupa nyuzi kama 9 kwa 6 za anga. Tafuta iliyotumika.

Na kuna sababu nyingine ambayo hizo video za ng'ambo hazikwambii. Wanaanza na "elekeza kifaa kwa Polaris." Polaris gani? Nairobi iko nyuzi 1 hivi kusini ya ikweta. Polaris iko chini ya upeo, na ncha ya kusini iko nyuzi 1 tu juu, nyuma ya ploti na moshi. Hapa unapanga kwa dira na makadirio, na lazima utakosea kidogo. Fokasi ndefu inaadhibu hilo kosa, nyota zinakuwa mistari. Lenzi pana ya f/2, picha fupi fupi, inakusamehe.

Halafu swali la kila wiki: "Si nipige tu nikiwa Shauri Moyo?" Mulika mwizi inamwaga mwanga angani usiku kucha, na f/2 inaukusanya huo pia kwa kasi ile ile. Kasi haijui nyota na taa ya mtaa. Filta ya haidrojeni, nanomita 656, itakuokolea Carina. Andromeda haitakuokolea, kwa sababu mwanga wa galaksi ni wa rangi zote. Hiyo ifuate gizani.

Sisemi taa zizimwe. Mama anayeenda Gikomba saa kumi alfajiri anazihitaji. Nasema zifunikwe juu, zimulike chini. Mwizi hayuko angani.

Na wale wa "hizo ni mambo za wazungu, wewe uliacha chuo": tarehe 12 Desemba 1970, satelaiti ya kwanza ya kuchunguza eksirei za anga ilirushwa baharini karibu na Malindi. Iliitwa Uhuru. Sisi tuko karibu na ikweta, tunaona anga la kaskazini na la kusini. Wengi huko Ulaya hawataiona Carina bila kupanda ndege.

Kwa hivyo kabla utume doo, uliza muuzaji mambo matatu: f ngapi, kilo ngapi, na itaingia begi? Akianza kukuambia inakuza mara ngapi, funga simu.