Kezilahabi si kitabu kimoja

Anayeandika barua hii ni msomaji wenu wa Tanga ambaye kila mwaka humrudia mwandishi Euphrase Kezilahabi, na safari hii amekasirika.

Kezilahabi alianza na Rosa Mistika (1971), riwaya iliyowahi kupigwa marufuku shuleni, akafuatia Kichwamaji (1974) na Dunia Uwanja wa Fujo (1975). Raha ya kumwandama mwandishi mmoja ni kumwona akibadilika: aliyesimulia maisha ya Ukerewe kinagaubaga ndiye aliyekuja kuandika Nagona (1990), kitabu chembamba kilichojaa mafumbo.

Basi msomaji wenu akaenda dukani kukiulizia.

“Cha kidato cha ngapi?” akasaili muuzaji. Alipoambiwa si cha mtihani, akatikisa kichwa na kurudia simu yake. Maktaba nayo ilikuwa na nakala tele za kitabu chake kimoja tu, cha kiada; vingine, hola. Kana kwamba mtu akishamaliza shule macho hupofuka!

Wachapishaji watujibu: vitabu hivi vitachapwa tena lini? Na wasomaji wenzetu waliobahatika kuipata Mzingile (1991) ya Kezilahabi, tafadhali waandike hapa waseme inauzwa wapi.

Msomaji,
Tanga