Nduthi bila breki: Mauger na wasee wa boda wa Wema

Cheki hii. Nduthi ya speedway ni 500cc, gia moja, breki zii. Kona unaipiga ukislaidi kwa vumbi. Ivan Mauger wa New Zealand alikuwa bingwa wa dunia mara 6, kati ya 1968 na 1979.

Sasa kam Wema, hapa Garsen. Tana ikifurika kama 2024, msee wa boda anaslaidi kwa tope na nyuma amebeba mathe na gunia la mchele. Skilo ni ileile, buda! Lakini speedway kila pointi ni doo. Boda jioni lazima apeleke hesabu kwa mwenye nduthi, mvua au jua. Akivunjika mguu? SHA ya chini kabisa ni 300 kwa mwezi, na unalipa mwaka mzima mara moja. Hiyo 3,600 ataitoa wapi na barabara imekatika?